Ayimba na Deni la Raga

Ukitaja raga huko Kiuu, kule Ruiru, ama Kisauni kwetu, wengi watasema huo ni mchezo wa wanafunzi wa shule kubwa. Hata hivyo leo twamtaja Benjamin Ayimba, mwanafunzi wa zamani wa Maseno, aliyekuwa nahodha wa Kenya na kisha mkufunzi wa timu yake ya wachezaji saba.

Mwaka 2009 aliwapeleka vijana wake Kombe la Dunia huko Dubai, mji ambao sisi watu wa pwani twaujua zaidi kwa biashara. Wakaifunga Fiji 26-7 na kuingia nusu fainali. Na Fiji, wasomaji, ni visiwa ambavyo mtoto hukua na mpira ule mkononi! Tarehe 17 Aprili 2016, mjini Singapore, wakaifunga tena, 30-7, mara hii katika fainali. Kenya haikuwa imepata kutwaa kombe hata moja katika msururu ule wa dunia. Miezi michache baadaye timu haikufua dafu katika Olimpiki ya Rio, na kabla ya mwaka kwisha kazi ikapewa mwingine.

Alipolazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, mwaka 2021, jamaa zake waliuomba umma uwachangie gharama za hospitali. Alifariki Mei mwaka huo, umri wake miaka 44. Rambirambi zilimiminika, wakubwa kwa wadogo.

Twauliza: kwa nini waliovaa jezi ya taifa wasiwekewe bima ya matibabu itakayodumu hata wakishastaafu? Chama cha raga na serikali wakae pamoja walijibu hilo, wenzake Ayimba wangali hai.