Kompyuta Kuukuu Haijafa: Neno kwa Wazazi wa Mungaa



Wewe uliye Mungaa wajua uzito wa shilingi iliyotoka katika alizeti na kuku. Tuseme basi wazazi wa jumuiya moja wamechanga, wakanunua kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, ili watoto wa sekondari wapate kujisomea. Siku moja fundi wa mjini awaambia: "Mashine hii imepitwa na wakati. Nunueni nyingine." Wazazi wavunjika moyo. Je, fundi amesema kweli?

Amesema nusu ya kweli. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Iliyofuata, Windows 11, yadai chipu maalumu ya ulinzi, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi. Lakini angalia: kioo ni kizima, vibonye ni vizima, betri yashika moto. Kilichozeeka si mwili wa mashine, bali ni programu iongozayo mwili huo.

Fundi mwingine atakuambia: "Nitawawekea iliyovunjwa kufuli, kwa elfu chache tu." Hapo simama, mzazi. Hiyo ni kazi ya watu iliyochukuliwa bila ruhusa yao, na amri ya saba yasema, Usiibe. Tena programu za namna hiyo mara nyingi huja na virusi ndani yake. Tutamfundishaje mtoto uaminifu kwa chombo cha wizi?

Njia ya halali ipo. Mwaka 1991 kijana mmoja wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo uitwao Linux, kisha akauweka wazi. Kila mtu ana ruhusa kuutumia, kuuchungulia ndani, kuurekebisha, na kumgawia jirani, kama mbegu njema ya mtama. Kutoka humo imetoka mifumo mingi, kama Debian, Ubuntu na Linux Mint. Hata kwetu Tanzania watu walitia mkono: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa Kiswahili.

Lakini tusidanganyane, kuna taabu yake. Kila kiungo cha kompyuta kina lugha yake: kioo, spika, kamera, kadi ya Wi-Fi. Mfumo hauwezi kusema na kiungo pasipo mkalimani, ambaye mafundi humwita draiva. Watengenezaji wengine humtoa mkalimani huyo kwa watu wote. Wengine huficha lugha ya viungo vyao, na waandishi wa mifumo huria hawana budi kuichunguza kwa nje, kidogo kidogo, mpaka waielewe. Ndiyo sababu kompyuta ya miaka sita au saba mara nyingi hukubali Linux kwa urahisi kuliko ile iliyotoka dukani jana: wakalimani wake wamekwisha kupatikana.

Kwa hiyo, fanyeni hivi. Kwanza, nakilini kazi zote mahali pengine, maana mfumo mpya ukiwekwa waweza kufuta vya zamani. Pili, mwombeni mtu mwenye mtandao mzuri mjini Singida awawekee Linux Mint au Xubuntu katika flashi ya GB 8. Msiogope kunakili: flashi moja yaweza kuzunguka vigango vyote, na hakuna aliyeibiwa.

Tatu, iwasheni kompyuta kutoka katika flashi bila kugusa kitu cha ndani. Mashine nyingi hukubali ukibonyeza F12, F9 au Esc mara tu inapowaka. Mfumo utafunguka kwa kujaribiwa. Hapo mkague kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Sauti yatoka? Kamera yaona? Wi-Fi yaonekana? Ukifunga kifuniko mashine yalala, na ukifungua yaamka? Yote yakiwa mema, ndipo muuweke moja kwa moja.

Kiungo kinachosumbua zaidi ni Wi-Fi, hasa kadi za Broadcom. Mkalimani wake yumo mtandaoni, nawe huwezi kufika mtandaoni bila yeye! Dawa yake ni simu. Iunge kwa waya wa USB, washa sehemu ya kugawa intaneti kwa waya, na kompyuta itapata mtandao wa kumleta mkalimani huyo. Debian nao waliona taabu hii: tangu toleo la 12, la mwaka 2023, hutia programu za namna hiyo ndani ya flashi yenyewe. Kioo kikibaki cheusi, hasa penye kadi ya NVIDIA, katika orodha ya kuwashia chagueni njia ya usalama, au fundi aongeze neno nomodeset. Kisomea alama za vidole kikikataa, kiacheni. Mtoto hakihitaji ili ajifunze hesabu.

Kama kumbukumbu ya mashine ni GB 4, yatosha kwa kuandika na kusoma. Ikiwa chini ya GB 2, msijisumbue.

Wazazi wapendwa, mchagueni kijana mmoja mtulivu, wa kiume au wa kike, ajifunze kazi hii na kuandika katika daftari kila alichofanya, ili wengine wamfuate. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2025, alijifunza kompyuta tangu utoto, akaitumia kutangaza miujiza ya Ekaristi. Nanyi msiruhusu jasho lenu litupwe jalalani kwa neno la mtu mmoja. Jaribuni kwanza, kununua baadaye.

Mungu awabariki pamoja na watoto wenu.