Nasaba za Wales si za kutupwa

Mwandishi wa toleo lililopita anadai kuwa nasaba za wafalme wa kale wa Wales ni uongo mtupu, hazimfai mwanahistoria. Nakataa katakata.

Aitazame Nguzo ya Eliseg, karibu na Llangollen. Cyngen, mfalme wa Powys katika karne ya 9, aliisimamisha kumuenzi Eliseg, baba wa babu yake. Mvua imeyafuta maandishi. Tunayajua kwa kuwa Edward Lhuyd aliyanakili mwaka 1696. Yanauunganisha ukoo huo na Maximus, jemadari aliyetangazwa kaisari nchini Britania mwaka 383. Je, ni kweli? Sidhani. Lakini kitabu kilichoandikwa Gwynedd, ufalme jirani wa Powys, takriban mwaka 829 kinasema wafalme hao hao wa Powys wametokana na mtumishi! Huo ni ugomvi wa koo mbili kuhusu heshima, na tumeachiwa ushahidi wa pande zote mbili. Nani mwenye akili anautupa?

Halafu kuna orodha iliyotungwa karne ya 10 kwa ajili ya Owain, mwana wa Hywel Dda. Inapanda baba kwa baba hadi kwa Merfyn, mgeni aliyekuja kuwa mfalme wa Gwynedd, kisha inaruka kwa mwanamke: Ethyllt, binti Cynan wa ukoo wa Gwynedd. Mzushi wa kawaida angempachika Merfyn baba wa Gwynedd, yakaisha. Huyu mwandishi aliacha mshono uonekane, nasi tunasoma hapo jinsi mgeni huyo alivyokipata kiti cha ufalme.