Ganzi si Kupooza: Nafasi ya Kiswahili Katika Mafunzo ya Udaktari wa Meno

Kinywa ni jumba la maneno, walinena wahenga. Hata hivyo, mwanafunzi wa udaktari wa meno nchini Kenya hufundishwa jumba hilo kwa Kiingereza, kisha hukabidhiwa mgonjwa ambaye aghalabu hueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Wapo wanaodai kuwa hali hii haiepukiki, kwani Kiswahili hakina msamiati wa kueleza namna ubongo unavyoendesha misuli. Dai hili halina mashiko.

Mfano wa sindano ya ganzi unatosha. Daktari anayetaka kung'oa gego la chini hudunga dawa karibu na tawi la neva ya tano ya kichwa, linalopeleka ubongoni habari za meno na mdomo wa chini. Habari hizo zinapokatika, mgonjwa hudhani kuwa mdomo umevimba. Matamshi huvurugika kidogo, na mtoto asiyeonywa huweza kujitafuna mdomo hadi ukatoka damu. Ilhali amri za ubongo bado zinafika: midomo huendeshwa na neva ya saba, ulimi na ya kumi na mbili, nayo misuli ya kutafunia hupata amri kupitia matawi mengine ya neva ya tano. Kilichopotea ni hisia, mwendo upo. Ubongo unaamuru bila kupata jibu.

Lakini sindano ikipita nyuma mno, dawa huingia katika tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ambamo neva ya saba hupita. Hapo jicho la upande huo hushindwa kufumba, na pembe ya mdomo huteremka mpaka dawa iishe nguvu. Mgonjwa hudhani amepatwa na kiharusi. Huku ni kupooza, ingawa ni kwa muda.

Tofauti hiyo ya hisia na mwendo ndiyo msingi wa somo zima, na Kiswahili kinayo tayari katika maneno mawili ya kila siku. Hata bibi kizee asiyepata kuingia darasani hachanganyi mguu uliokufa ganzi na mguu uliopooza.

Ni kweli kwamba istilahi nyingine hazijatulia. Neva yaitwa pia mshipa wa fahamu, jina linalopotosha, maadamu neva inayopeleka amri kwa msuli haibebi fahamu yoyote. Lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa, si kwa kukimbiwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Basi idara za Kiswahili na shule za udaktari wa meno hazina budi kuketi pamoja na kutenga walau saa chache za kumzoeza mwanafunzi kumweleza mgonjwa mambo haya kwa Kiswahili. Mama akiambiwa, "Hii ni ganzi, itaondoka baada ya saa kadhaa, usimpe mtoto chakula kabla ya hapo," mtoto huyo atalala na mdomo mzima.