Maziwa ya Masika na Maziwa ya Kiangazi

Mvua zinapoanza kushika Juba, yapata mwezi wa Aprili, ugomvi mdogo huweza kuzuka mlangoni. Mama wa nyumba amezoea maziwa mazito ya kiangazi. Sasa muuzaji amemletea maziwa mepesi, ambayo yakichemshwa hufanya utando mwembamba. Mama humwambia kwamba ametia maji. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia muuzaji hana kosa, na kilichobadilika ni majani ya malisho.

Ng'ombe wa Wamundari wa Terekeka, kaskazini ya Juba, huishi kwa kuchungwa. Toka Desemba hadi Machi nyasi za nyanda za juu hukauka, na wachungaji huswaga mifugo kuelekea mabonde ya Mto Nile yenye unyevu. Mvua zikirudi, nyasi changa huota kila mahali.

Katika tumbo la kwanza la ng'ombe, vijidudu huvunja nyuzi za nyasi na kutoa asidi ileile iliyomo katika siki. Kiwele huitumia asidi hiyo kutengeneza mafuta. Nyasi changa zina nyuzi chache, kwa hiyo maziwa huongezeka wingi, lakini kiasi cha mafuta katika kila kikombe hupungua. Wakati wa ukame ng'ombe hutoa maziwa machache, nayo mara nyingi huwa mazito.

Hata hivyo, uzito si kipimo pekee cha ubora. Majani mabichi yana karotini, rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na pia mafuta ya jamii ya omega-3. Sehemu yake huingia katika maziwa. Ndiyo sababu siagi na samli ya masika huwa na rangi ya manjano zaidi, na ile ya kiangazi hupauka. Katika nchi za baridi siagi ya ng'ombe wa malisho mabichi hupakika kwa urahisi kwenye mkate; joto la Juba huificha tofauti hiyo, bali rangi hubaki kuwa shahidi.

Basi maziwa mazito ya kiangazi yanaweza kuwa na upungufu wa vitamini A kuliko maziwa mepesi ya masika. Jambo hili si dogo, kwani mtoto akikosa vitamini hiyo kwa muda mrefu hushindwa kuona vizuri jioni, na hatimaye macho yake huweza kuharibika kabisa. Inapasa kiangazi mtoto aongezewe mboga za majani kama kunde na mchicha, maini yakipatikana, na maembe yaivapo. Vitamini A imo ndani ya mafuta. Kwa hiyo mtoto mdogo aliyekwisha timiza mwaka asinyimwe utando wa maziwa ili utengenezewe samli ya wakubwa.

Na huyo muuzaji ahukumiwe kwa njia gani? Mpishi wa kambi, au kikundi cha akina mama, wanaweza kununua laktomita, chombo kipimacho uzito wa maziwa. Maziwa yapoozwe hadi nyuzi 20 za sentigredi. Yaliyo safi kwa kawaida huonyesha kati ya 1.028 na 1.033. Maji yakitiwa, kipimo hushuka. Mafuta yakipungua kwa sababu ya malisho, hakishuki, bali huweza kupanda kidogo.

Masika au kiangazi, maziwa yachemshwe mpaka yatokote, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuambukiza bruselosi na kifua kikuu. Kuchemsha hakuondoi mafuta wala hakuharibu sehemu kubwa ya vitamini A. Mama ajuaye hayo hulinda afya ya watoto wake, wala hamwonei mchungaji aliyetembea toka alfajiri akiwa na kibuyu chake.