Gari ya Zamani, Stata Mpya: Je, Mmeongea Kwanza?

Najua wengine mtashangaa leo. Mmezoea ukurasa huu tunaongea mapenzi, pesa na wakwe, halafu mhariri wenu anakuja na habari ya stata ya gari. Jamani, msifunue ukurasa wa pili bado. Katika stata hii mapenzi yamo, pesa zimo, na mama mkwe ndiye mwenye gari.

Kwa wasiojua, baba watoto wangu ni mtu wa Ngara, kule Kagera, karibu kabisa na mipaka ya Rwanda na Burundi. Marehemu baba yake aliacha Land Rover Series III ya petroli, ile ya injini ya lita 2.25. Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 mpaka 1985. Kwa mtu wa mjini hiyo ni klasiki, gari ya kupigia picha. Mliona wenyewe Oktoba 2024 Arusha walivyoziandalia tamasha zima. Lakini Ngara ile ni gari ya kazi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, baba mkwe alikuwa anabeba nayo madumu ya maji kwenda Benaco. Leo inabeba ndizi na maharage ya mama, na kila mwezi inampeleka mama kliniki ya presha. Dereva wake ni kijana wa jirani.

Sasa hiyo gari ina ugonjwa mmoja: stata. Kila baada ya miezi kadhaa simu inapigwa kutoka Ngara, na mume wangu anatuma hela. Stata inanunuliwa, gari inawaka wiki mbili tatu, tunaambiwa imepona. Mimi nilijua imenunuliwa mara moja tu. Kumbe mwenzangu alishatuma mara tatu, kimya kimya, kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia auze hilo kopo tununue kitu cha maana. Ndiyo, nilisema kopo. Shoga yangu, hilo neno nimelijutia.

USIKU WENYEWE

Desemba iliyopita tulikwenda kwa mama kusherehekea Krismasi. Tarehe 23 jioni mume wangu akaitoa Land Rover pale inapolala siku zote, pembeni ya njia, ikiwa imeangalia bondeni. Akaiingiza uani, kwenye tambarare, watoto waioshe ing'ae kwa sikukuu. Kijana wa jirani alitaka kusema neno, akanyamaza. Angemwambia nini mwenye nyumba?

Saa nane usiku mama akaanza kuhema kwa shida. Tukamfunika, tukambeba, tukampandisha gari. Mume wangu akapiga stata. Tika. Akapiga tena. Tika. Mara ya tatu ikatoa mlio wa chuma kusagana, ikanyamaza. Mvua inanyesha, majirani wanaitwa kwa sauti, watu wanane wanasukuma gari kwenye matope wakiitoa uani mpaka njiani. Ilipofika mteremkoni ikawaka. Nilikuwa nimekaa nyuma nimempakata mama, nasikia moyo wake, na sikuwa na neno la kumwambia mtu yeyote.

Mungu mwema, tulifika hospitali, akatibiwa, asubuhi akawa anaomba uji. Mume wangu akamuuliza, mama, kwa nini hukutuambia kuwa stata haifanyi kazi? Akajibu taratibu, “Baba, mlishatuma hela mara tatu. Ningewaambiaje tena? Mimi nimezoea. Usiku silali mpaka nijue gari imeangalia bondeni.”

Hapo ndipo nilipojua ni mara tatu. Na hapo ndipo mume wangu alipojua mama yake analala kwa hesabu ya mteremko.

SAFARI YA BIHARAMULO

Tulipotoka hospitali tuliamua jambo moja: tunalimaliza hili pamoja. Tulielekezwa kwa fundi umeme wa magari Biharamulo. Mama akasema, “Chukueni na chuma cha baba yenu.” Store, nyuma ya magunia ya maharage, kulikuwa na stata ya kwanza kabisa, ile iliyokuja na gari, imefungwa kwenye kipande cha turubai. Miaka yote ile ilionekana imekufa, lakini mzee hakutupa kitu.

Tulisukumwa Ngara, tukashuka Benaco, tukapita Nyakahura hadi Lusahunga bila kuzima injini. Ngara ni milima, unaweza kuegesha popote ukawasha kwa mteremko. Ukikaribia Biharamulo nchi inatulia, kwa hiyo Lusahunga tulikula mishikaki gari ikinguruma, mmoja anakula, mwingine amekaa kwenye usukani. Tulicheka sana siku hiyo, nadhani kwa mara ya kwanza tangu usiku ule.

Fundi, mtu mzima wa maneno machache, hakuuliza tumekuja na shilingi ngapi. Aliuliza, “Nani alisema stata ndiyo mbovu?” Tukatazamana.

Haya, shika kalamu. Haya ndiyo niliyojifunza kwa siku mbili nikiwa nimekaa juu ya tairi kuukuu.

1. Pima kabla hujanunua. Betri nzuri iliyojaa, gari ikiwa imezimwa, inasoma kama volti 12.6. Wakati unapiga stata ikishuka chini ya 9.6 hivi, ama betri imechoka ama stata inakula umeme kupita kiasi. Yetu ilikuwa nzima. Basi akahamia kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha injini na chesisi. Injini imekaa juu ya mipira, na umeme haupiti kwenye mpira, kwa hiyo bila waya huo mnene stata haina nguvu. Wetu ulishakatika zamani, na mtu alikuwa ameweka kiwaya chembamba kama cha redio. Stata tatu zote zilinunuliwa na kufungwa juu ya kiwaya kile!

2. Jua gari yako inatumia stata ya aina gani. Land Rover hizi za petroli zilitoka na stata ya Lucas ambayo pinioni yake, kile kigia kidogo cha mbele, inarushwa na mzunguko wa mota yenyewe mpaka ishike meno ya flaiwili. Solenoidi yake iko pembeni, haikai mgongoni mwa stata. Ya dizeli ni aina nyingine, nzito, solenoidi inapanda juu yake na inasukuma pinioni kwanza ndipo mota izunguke. Ukiambiwa “Land Rover ni Land Rover”, kataa. Uliza: petroli au dizeli? Mwaka gani? Kisha soma namba iliyogongwa kwenye ganda la stata ya zamani.

3. Nenda dukani na ya zamani mkononi. Ziweke mbili sambamba. Hesabu meno ya pinioni, pima umbo lake, angalia matundu ya bolti, upande inaozungukia na urefu wa ganda, isije ikagusa bomba la moshi. Ile ya tatu tuliyonunuliwa ilitoka kwenye gari nyingine kabisa. Ili ikae, mtu alipanua matundu ya bolti. Ilikaa kweli, lakini ikawa inatafuna meno ya flaiwili kila asubuhi.

4. Stata ya bei ndogo inaweza kukuletea bili kubwa. Meno ya flaiwili yako kwenye ringi ya chuma. Kuifikia kwenye Land Rover hizi lazima utenganishe injini na gia boksi. Hiyo siyo kazi ya saa moja. Tuna bahati: injini ya silinda nne hupenda kusimama sehemu zile zile mbili, kwa hiyo meno yalikuwa yameliwa sehemu mbili tu. Ndiyo maana siku nyingine ilikuwa inawaka na siku nyingine inagoma, na ukiweka gia ukaitikisa inakubali. Fundi aliitoa ringi, akaipasha moto, akaigeuza robo mzunguko ili meno mazima yakae pale injini inaposimama. Angekuta imeisha pande zote, tungetafuta ringi nyingine.

5. Fikiria kufufua kabla ya kununua. Stata ya mzee ilipofunguliwa ilikuwa na mambo matatu: kaboni zimeisha, bushi imelegea, na pale pinioni inapoteleza pameganda vumbi jekundu lililochanganyika na grisi. Kumbe pale hapatakiwi grisi kabisa, maana inakamata vumbi na pinioni inashindwa kuruka. Vikasafishwa, kaboni na bushi zikabadilishwa. Bei yake haikufika nusu ya stata moja kati ya zile tatu.

6. Mpya za kisasa zipo, lakini jiulize nani ataitengeneza. Siku hizi kuna stata ndogo zenye gia ndani. Ni nyepesi, zinatumia umeme kidogo na zina nguvu nyingi. Ukipata iliyotengenezwa kwa injini yako hasa, ni kitu kizuri. Ila solenoidi inakuwa juu yake, hivyo waya zinabadilika, na ikiharibika mara nyingi hupati vipuri vyake vya ndani, unabadilisha yote. Wewe unayekaa Dar na gari ya wikiendi, huenda ndiyo yako. Kwa mama wa Ngara, bora kitu ambacho fundi wa Biharamulo anakifungua kwa spana zake.

7. Usidharau hendeli. Kabla ya Charles Kettering kuleta stata ya umeme kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, watu waliwasha kwa kuzungusha mkono, na wengine walivunjika mikono. Series za petroli bado zina tundu la hendeli mbele. Ya mzee ilikuwa chini ya kiti. Fundi alimfundisha kijana wetu: gia ikae huru, na kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, usiikumbatie hendeli, maana injini ikirudisha inavunja kidole.

NA SISI JE?

Gari yetu ilikuwa imeinuliwa juu ya magogo, kwa hiyo tulilala Biharamulo siku mbili. Jioni ya kwanza tukapanda kwa miguu mpaka lilipo boma la Mjerumani, tukakaa nje tunaangalia mji. Mume wangu akaniambia zile hela mbili za kimya kimya alizitoa wapi. Moja ilitoka kwenye ada ya mtoto, akairudisha baadaye. Nyingine alikopa kazini. Nikaudhika, sitawadanganya. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Uliita kopo. Ningekuambiaje tena?”

Maneno yale yale ya mama yake. Watu wawili ninaowapenda walikuwa wananificha jambo moja, kila mmoja kwa sababu ileile, na mimi nilikuwa najiona mtu wa kuongea naye kirahisi. Nimesomea mawasiliano chuo kikuu, jamani! Nikamwomba msamaha. Yeye akaahidi hakuna tena hela inayotoka kwa siri, hata kama ni ya mama. Na mimi nikaahidi kuwa nikisikia jina la Ngara kwenye simu, swali langu la kwanza halitakuwa “shilingi ngapi”. Nitauliza “kuna nini”.

Tulikuwa tumenunua stata tatu na hakuna aliyeuliza hilo swali. Si sisi, si waliozifunga. Kila mtu alijibu haraka kwa pesa ili suala liishe. Wapenzi wangapi mnafanya hivyo? Mwenzio kanuna, unaleta zawadi. Kanuna tena, unaleta kubwa zaidi. Hujapima betri, hujaangalia waya, unabadilisha stata tu. Zawadi ni nzuri, endeleeni kuleta, hasa wewe unayesoma hapa ukijifanya hujaelewa. Lakini uliza kwanza.

Tulirudi Ngara tarehe 30. Lusahunga tulizima injini kwa makusudi. Mume wangu akanipa funguo, akasema piga wewe. Nikapiga. Ikawaka mara moja, nikapiga kelele mpaka wauza mahindi wakageuka.

Tulipofika nyumbani mume wangu akaiegesha uani, kwenye tambarare, akazima, akawasha, akazima tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Hakusema kitu, akaingia ndani kutuwekea chakula. Usiku nilitoka nje nikakuta kijana wa jirani anaisogeza gari taratibu kurudi pembeni ya njia, imeangalia bondeni. Nikamuuliza, imegoma tena? Akacheka. “Hapana dada. Mama amesema ilale hapa wiki ya kwanza, mpaka azoee.”

Nikamwambia iache hapo hapo.

Haya msomaji wangu, wewe na mwenzako kuna kitu gani mmebadilisha mara tatu bila kupima? Niandikie, tuongee. Tukutane mwezi ujao, na mwambie mwenzako namsalimia.