Ufunguo Uliofungiwa Ndani ya Sanduku



Wazee husema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli. Lakini moyo peke yake hautoshi. Anayetoa hana budi kufikiri pia jinsi mwenzake atakavyokifungua alichopewa. Leo nawaletea habari ya watu wema walioshindana kwa miaka mingi juu ya jambo hilo.

Kompyuta bila programu ya kuiendesha ni kama baiskeli bila mnyororo. Programu nyingine huuzwa. Nyingine ni huria, yaani kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuona ilivyotengenezwa, kuigeuza na kumgawia jirani. Mojawapo ni Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, na hutengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Mwaka 1997 waliandika ahadi yao: Debian itabaki huria kabisa.

Basi, taabu ilitoka wapi? Vyombo vingi vilivyomo ndani ya kompyuta, kama kile cha kunasa intaneti bila waya, havifanyi kazi mpaka vitiwe programu ndogo ya kiwanda. Viwanda vingi havikubali mtu aone ndani ya programu hizo. Kwa hiyo wenye Debian wakaziweka kando. Kifurushi rasmi cha kupakua hakikuwa nazo. Kulikuwa na kifurushi cha pili kilicho nazo, lakini hakikuwa rasmi, na mgeni hakukiona upesi.

Sasa fikiri, msomaji. Kijana ametumia fedha yake kupakua kifurushi rasmi. Anakitia katika kompyuta kuukuu, nayo inamwambia: Nipe kwanza programu ya chombo cha intaneti. Ataipata wapi? Katika intaneti! Ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake. Tena wako wasioona, ambao husomewa maagizo kwa sauti ya kompyuta. Katika mashine nyingine hawakusikia hata neno moja, kwa maana chombo cha sauti nacho kilitaka programu ya namna hiyo.

Wengine walisema: Ahadi ni ahadi, tukitia kimoja leo, kesho tutatia kumi. Wengine wakajibu: Uhuru wamfaa nini mtu asiyeweza kuingia mlangoni? Pande zote mbili zilikuwa na haki.

Mwaka 2022 wakapiga kura. Wangeweza kuweka vifurushi viwili bega kwa bega, mtu achague. Lakini mgeni atajuaje kuchagua? Wakakubali kimoja tu, chenye programu zile ndani yake. Wala hawakuvunja ahadi kwa siri: waliibadili waziwazi, kila mtu aisome. Tangu Debian 12, iliyotolewa tarehe 10 Juni 2023, programu hizo zimo. Zimewekwa katika fungu lao lenye jina lake, mtu huambiwa zipi zimetiwa katika mashine yake, na asiyezitaka aweza kuzikataa tangu mwanzo.

Nanyi mkitaka kupakua, jueni kwamba viko vifurushi vya namna mbili. Kidogo ni chini ya gigabaiti 1, lakini huvuta vingine kwa intaneti wakati wa kazi. Kikubwa, cha karibu gigabaiti 4, chaweza kufanya kazi bila intaneti. Kijijini, mara nyingi ni heri mmoja apakue kile kikubwa mjini, akitie katika flashi, kipite nyumba kwa nyumba. Huo si wizi, maana ruhusa imetolewa.

Nasi tukumbuke hivi: ukimpa mtu mzigo, mwambie kweli yote iliyomo, kisha umpe na ufunguo mkononi.

Haya, tuonane juma lijalo.