Staa Kachemsha Nyang'oro, Lawama Kambebesha Fundi. Hapana Aisee!

Wiki nzima hii Dodoma stori ni moja tu: ile Kombi ya rangi mbili ya yule staa wa video za kulala porini na kuchemsha chai jua likichomoza. Jina halitajwi hapa, ila wenye macho mmeshamjua.

Kwa ambao hamkuwa hewani, ilikuwa hivi. Ndinga ilitoka mjini kwenda Iringa, ikafika Mtera safi kabisa, watu wakanunua samaki, picha za bwawa zikapigwa. Ilipoanza kupanda mlima Nyang'oro, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Kwenye kona moja mvuke huo, maji yote chini, live ikakatika. Jioni yake staa akaibuka mtandaoni, akamwita fundi wake kanjanja na kuweka sura yake hadharani. Komenti zikamiminika, matusi tupu. Fundi mwenyewe ni kijana wa gereji ya Kizota, hana hata ukurasa wa kujitetea. Watu wa pale wanasema wateja wawili tayari wamepiga simu kuahirisha kazi. Hapo ndipo utani unapoisha, maana staa atapata likes zake lakini mwenzie anatafuta kodi ya chumba.

Kwanza, kubadili injini halikuwa kosa. Kombi ya zamani injini yake iko nyuma na inapoozwa kwa upepo. Raha yake ni kwamba haina rejeta ya kuvuja wala haikuombi maji. Ndo maana Kenya miaka ya 70 zilibeba sana watalii mbugani, na ndugu yake wa damu, Beetle, akashinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Heshima yake ipo. Ila ile 1600 ina nguvu za farasi kama 50 tu. Dodoma nayo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu hizohizo chache. Pakia kitanda, friji, tangi la maji na washkaji wanne, halafu upande mlima. Hata lori la saruji linakupita.

Injini aliyowekewa ni EJ20 ya Subaru isiyo na turbo. Inapoozwa kwa maji, lita mbili, farasi zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanzo. Na ni boksa, yaani pistoni zimelala kushoto na kulia kama za Kombi yenyewe, kwa hiyo inaingia nyuma bila kukata body kama kuku. Spea zipo Kariakoo, na mafundi wa Subaru nchi hii wamejaa. Chaguo la akili kabisa.

Na wale wanaolia "mmeua urithi", poleni. Kiwanda chenyewe kilifanya hivyo zamani. Afrika Kusini walitengeneza Kombi zenye injini za Audi za silinda tano, za maji, mpaka 2002. Brazil waliachana na injini ya upepo mwishoni mwa 2005, wakaweka 1.4 ya maji, wakaenda nayo mpaka Kombi ya mwisho 2013.

Sasa angalieni hiyo ya Brazil usoni. Rejeta iliwekwa mbele, na grili nyeusi ikabandikwa puani. Mbaya? Mbaya sana, kama mtu kavaa barakoa ya ukubwa usio wake. Lakini kiwanda kilikubali kuharibu sura ili injini ipate upepo.

Staa wetu hakukubali, na kisa chote kiko hapo. Wanaofanya kazi na yule fundi wanasimulia kwamba alitaka rejeta ikae mbele, mabomba mawili yapite chini ya gari hadi nyuma. "Kaka, mbele ndo kuna upepo." Jibu likawa, "Fundi, hiyo pua ndo inayoniingizia hela, isiguswe." Basi rejeta ikalazwa chini ya sakafu, karibu na injini, na feni moja. Fundi akaomba mbili na bati la kuelekeza upepo, akaambiwa bajeti imeisha. Bajeti hiyohiyo ilinunua taa za urembo za ndani!

Kwenye tambarare mpaka Mtera mfumo huo unadanganya, gari linakimbia, hewa inapita. Mlimani uko gia ya pili, mwendo mdogo, injini inavuta kwa nguvu zote, na upepo hakuna. Joto la lami na la injini vyote vinaizunguka rejeta. Feni moja ifanye nini?

Fundi naye ana lake, lisemwe. Kazi ile hakutakiwa kuitoa bila king'ora cha joto kinachopiga kelele, hasa kwa dereva anayeendesha huku anaongea na simu. Lakini kwenye live ile ile, kabla haijakatika, mshale unaonekana uko juu kabisa na bwana mkubwa anaendelea kusalimia mashabiki wa Mbeya. Silinda hedi za EJ20 ni alumini. Ukizichemsha hivyo zinapinda, na gasketi inaondoka.

Halafu hakuna hata komenti moja iliyouliza breki. Kombi za miaka ya 60 zina breki za dramu magurudumu yote, zilipimwa kwa injini ndogo. Umeongeza nguvu mara mbili, kushuka utashukaje? Au namba ya injini kwenye kadi ya gari, imepelekwa TRA ikabadilishwa? Kimya.

Video ya kumtukana fundi mpaka jana usiku ilikuwa bado hewani. Kombi yenyewe imerudi mjini juu ya lori, ikashushwa Kizota, gereji ileile, kwa fundi yuleyule. Safari hii inasemekana staa kakubali pua ikatwe.